Nani Alipanga Vyumba vya Chombo cha Angani?

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo na kupiga deki, nilikwenda shuleni kwenye chama cha kompyuta. Tulikuwa na mchezo wa kuunda chombo cha angani kwenye skrini. Unapanga mitambo na vyumba vya kuishi, kisha watu kumi na wawili wanasafiri ndani yake siku mia moja. Mwenzangu, ambaye tulimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, alichukua mitambo. Mimi nikapewa vyumba.

Nilivipamba vikapendeza. Lakini siku ya kumi ya safari watu wangu walikuwa hawalali, siku ya ishirini wanagombana, na siku ya thelathini wanne wakaugua. Chombo kikarudi.

"Umejenga kabati, si nyumba," Profesa akanitania.

Nyumbani nilimchorea mama vile vyumba. Mama ni mfanyakazi wa usafi katika bweni la wanafunzi wa uuguzi. Aliutazama mchoro huku akipiga pasi sare yake.

"Huyu wa ukutani akiamka kwenda chooni, anamkanyaga nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na taulo mbichi zinaanikwa wapi? Wa zamu ya usiku atalalaje mchana, kitanda chake kikiwa ubavuni mwa jiko? Hapa hata ufagio haupiti, mwanangu. Usipopita ufagio, maradhi yanahamia."

Nilirekebisha kila alichosema. Safari hii chombo kilimaliza siku mia moja, na hakuna aliyeugua.

Siku ya wazazi, mwalimu wa kompyuta aliwaonyesha wageni chombo chetu. "Vyumba hivi vimepangwa na mtu anayejua watu wanavyoishi," alisema. "Nani alikufundisha?"

Mama alikuwa ameketi safu ya nyuma, ametoka kazini moja kwa moja na sare yake. Mbele yake walikaa wazazi waliovaa tai. Nikamtazama, nikaona haya.

"Mjomba wangu," nikasema. "Ni mhandisi."

Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga.

Tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika mlangoni aliniuliza kwa upole, "Huyo mjomba mhandisi ni yupi? Mimi kaka ninaye mmoja tu, na anaziba pancha za baiskeli."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu mwalimu alituita mimi na Profesa. "Mwambie mjomba wako tunamwalika Jumamosi aje azungumze na chama," aliniambia. Profesa alikuwa ameshaandika maswali ukurasa mzima.

Ningeweza kusema mjomba amesafiri. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Lakini nilimkumbuka mama akimpigia makofi mtu asiyekuwepo, machozi yakanitoka.

"Mwalimu, hakuna mjomba mhandisi. Ni mama ndiye aliyenifundisha. Anafanya usafi bwenini, nami niliona aibu kumtaja."

Profesa aliinama akayatazama maswali yake. Mwalimu hakunigombeza. "Basi mwalike yeye," alisema, "na umwambie mwenyewe ulivyokosea."

Hilo lilikuwa gumu zaidi. Nilimwomba mama msamaha huku nikitazama sakafu. Alinisamehe, lakini akasema, "Jumamosi utanitambulisha wewe, mbele ya wote."

Jumamosi nikasimama mbele ya chama. "Huyu ni mama yangu. Vyumba vile alivipanga yeye, nami nilidanganya."

Mama alieleza habari za milango, vitanda na taulo mbichi, na Profesa akamuuliza maswali yake yote, hata yale yaliyomhusu mhandisi. Mwisho mtoto mmoja akauliza, "Mama, hukukasirika?"

"Niliumia," alijibu mama. "Kazi yangu siionei haya, ndiyo inayotulisha. Ila nilimsikia mwanangu akisema uongo bila hata kukwama, nikaogopa. Wanangu, mtu akikusaidia, mtaje, awe na tai au awe na ufagio. Ukimficha, umemwibia."

Kisha akanivutia kiti, nikakaa karibu naye.