Kompyuta Iliyovalishwa Nguo

Kila jioni, baada ya kuvua sare na kufua soksi zake, Wakili alikuwa akikaa kwenye ncha moja ya meza ya chakula na kufanya kazi za shule. Kwenye ncha nyingine alikaa mama yake, akikata na kuunganisha video za harusi kwenye kompyuta yake mpakato. Wakili hakuwa wakili wa kweli. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu hakuwahi kukubali jambo bila kulipinga kwanza, hata akiambiwa akanawe miguu.

Akimaliza kazi za shule, mama alimruhusu kutumia kompyuta kidogo kuchora.

"Kuchora tu," mama alimkumbusha kila mara. "Michezo hapana. Hii ndiyo inayotulisha."

Na Wakili, pamoja na ubishi wake wote, hakuwahi kucheza mchezo hata mmoja. Ni vizuri kulisema hilo mapema, kwa sababu baadaye watu wenye akili zao timamu walikataa kulisikia.

Katika nyumba ile kila kitu kilivaa. Runinga ilikuwa na kitambaa chake, redio chake, jokofu chake, na hata mtungi wa gesi ulikuwa na sketi yenye marinda. Vyote hivyo vilishonwa na bibi, ambaye hakuwa na adui duniani isipokuwa vumbi. Kitu pekee kilichokaa uchi kilikuwa kompyuta ya mama. Tena ilikuwa na kelele. Mama alipounganisha video ndefu, feni iliyo ndani yake ilivuma mpaka bibi akashindwa kusikia taarifa ya habari.

"Hicho kidude chako kinakoroma kuliko marehemu babu yao," bibi alilalamika.

Basi akakishonea vazi. Lilikuwa vazi nene, limejazwa pamba, likaikumbatia kompyuta chini na pembeni na kuacha kioo na vitufe peke yake. Kelele zikapungua palepale. Mama alifurahi, bibi akasikiliza redio yake kwa raha, na Wakili akajipa kazi ya kufunga utepe wa lile vazi kila jioni.

Haikupita muda mrefu kompyuta ikaanza kujivuta. Kisha ikawa inazima yenyewe. Ijumaa moja mama alikuwa anaunganisha video ya maharusi waliokuwa wanasafiri kesho yake usiku. Kazi ilikuwa imeshavuka nusu, mara kioo kikawa cheusi.

"Hapana, hapana, hapana," mama alisema, akibonyeza kitufe cha kuwashia.

Kaka yake Wakili alikuwa kidato cha tatu na hakuwahi kukosa jibu, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Alisema akiwa amelala kwenye kochi, "Ni michezo ya huyu. Michezo ndiyo inaua kompyuta. Kila mtu anajua."

Wakili aliruka kitini. "Michezo gani? Umeniona wapi nikicheza?"

"Si unakaa nayo kila jioni?"

"Nachora!"

"Ndivyo mnavyosema wote."

"Mama, mwambie! Wewe mwenyewe unaniona—"

"Basi!" mama alisema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. "Kuanzia leo usiiguse. Na nikishindwa kumpa yule bibi harusi video yake kesho, utanieleza vizuri."

"Lakini hujaniuliza!"

"Nimesema nyamaza."

Wakili aliondoka mezani kwa hasira. Angekuwa na kosa, angelibeba. Alishawahi kuvunja bilauri akasema mwenyewe kabla hata vipande havijatulia. Lakini kubebeshwa kosa ambalo si lako, tena na mtu aliyelala kwenye kochi! Na kama video ingeharibika, jina la mharibifu lingemganda katika nyumba hiyo mpaka atakapoolewa. Alikwenda kuosha vyombo, akavigonganisha kwa nguvu zote.

"Masufuria nayo yamekukosea nini?" bibi aliuliza kutoka sebuleni.

"Hayajanikosea, bibi! Na mimi sijamkosea mtu, lakini si napigwa kwa maneno hivihivi?"

Jumamosi asubuhi mama alianza kazi upya. Wakili alivuta kigoda mpaka mlangoni, mbali na meza, akakaa na mikono yake kichwani ili kila mtu aione.

"Mniangalie vizuri," alisema. "Sijaigusa."

Kompyuta ilikwenda, ikajivuta, ikazima. Ilizimia karibu palepale ilipozimia jana.

"Mmeona!" Wakili alipiga kelele. "Au nimecheza kwa macho?"

"Uliiharibu zamani," kaka alisema bila haya. "Sasa ndiyo inakata roho."

Mtu wa namna hii utamshinda kwa ushahidi gani? Wakili alimgeukia mama apate hata neno moja la haki, lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa mezani. Hapo hasira yake ikachanganyika na huruma. Alitaka kushinda kesi, ndiyo, lakini alitaka pia mama amalize kazi yake.

Jua lilikuwa limeanza kupiga mezani. Bibi aliingia akijipepea kwa upande wa kanga yake. "Fungueni madirisha. Mnajifungia humu hamna hewa, mtapikika wazima."

Wakili aliinuka kufungua dirisha. Alipokuwa anajinyoosha juu ya meza, kiwiko chake kiligusa lile vazi la kompyuta, akakiondoa haraka. Lilikuwa na moto kama kifuniko cha birika. Akasimama akifikiri. Zamani, alipokuwa anachora, kulikuwa na upepo wa uvuguvugu uliotoka ubavuni mwa kompyuta na kumpitia vidoleni. Alikuwa akiupenda. Siku hizi hakuwa akiusikia. Akainama akachungulia. Matundu yale yote yalikuwa yamefunikwa na pamba.

Alifungua mdomo, na maneno yalikuwa tayari: Ni bibi! Kumbe ni bibi! Alimwona bibi amesimama dirishani, sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni, jasho linamtiririka. Ingekuwa rahisi kumnyooshea kidole kama yeye alivyonyooshewa. Lakini tangu jana alikuwa anajua vizuri kidole hicho kinavyouma.

"Mama," alisema, "weka mkono hapa. Imeshika joto. Hewa haina pa kutokea."

Mama aliweka mkono, akashtuka. Alifungua utepe, akaivua kompyuta vazi lake, akaigeuza. Nyuzi na vumbi vilikuwa vimejazana kwenye matundu.

Bibi alishika kiuno. "Kumbe mimi ndiye niliyeiziba pumzi!"

"Hukujua, bibi," Wakili alisema. "Na utepe nilikuwa nafunga mimi."

Waliiacha ipoe kabisa. Mama aliyasafisha matundu taratibu kwa brashi ya Wakili ya kupakia rangi, ikiwa kavu. Wakaihamishia upande wa meza usio na jua, na Wakili akaweka vizibo vya chupa chini ya kila pembe ili hewa ipite kwa chini pia. Ilipowaka, ikajifungulia tena kila kilichokuwa wazi kabla haijazima, na mama akaanza kufunga programu zote asizozihitaji. Nyuma ya video akakuta lundo la kurasa za mpira na muziki.

"Hizi za nani?"

Kaka alitazama dari. "Nilikuwa naangalia matokeo tu."

"Wewe!" bibi alisema. "Na mdomo wote ule!"

Feni ilivuma kidogo, kisha ikatulia kwa sauti ya chini, na upepo wa uvuguvugu ukatoka ubavuni. Safari hii kompyuta haikuzima mpaka kazi ilipofika mwisho. Bibi harusi alikuja kabla ya magharibi, akatazama kipande cha kwanza, akalia kwa furaha, akaondoka na video yake.

Lakini Wakili alibaki mlangoni amekunja mikono. "Video imepatikana," alisema. "Mimi je? Nilihukumiwa hapa mbele ya watu."

Mama alimvuta akamkalisha karibu naye. "Una haki ya kukasirika. Ile kelele ilikuwa inatuambia kuna shida, sisi tukatafuta namna ya kutoisikia. Na wewe jana ulikuwa unaniambia, nikakuambia unyamaze. Nimefanya kosa lilelile mara mbili. Nisamehe, mwanangu. Kitu kikiharibika, kwanza tuulize kimeharibiwa na nini. Tukianza kwa kutafuta mtu wa kumtwika lawama, mtu tutampata, na kitu kitaendelea kuharibika."

Kaka alijikohoza. "Samahani."

"Sikusikia," Wakili alisema.

"Samahani! Na vyombo vya leo naosha mimi."

Bibi alikuwa ameshaanza kulifumua lile vazi alishone upya liwe mfuko, kompyuta ivae ikiwa imezimwa tu. Mama aliisukuma kompyuta mpaka mbele ya Wakili. Wakili aliweka kiganja ubavuni mwake kwanza, akaupata ule upepo, ndipo akaanza kuchora.