Punje Zilizooshwa Utamu

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tatu Juni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Manyunyu yaligonga bati la banda, hayakuacha wala hayakuzidi.

Nadhifu alikuwa ameinama juu ya beseni, akiosha punje za chakula. Wazazi wake hawakumwita hivyo. Ni mtaa uliompa jina hilo, kwa kuwa hakuweza kuona kitu akakiacha bila kukiosha. Punje zilitoka kiwandani zikiwa kavu, ngumu, na zenye harufu kali ya samaki. Yeye aliziloweka tangu alfajiri. Alimwaga yale maji ya kahawia, akazisuuza mpaka maji yakatakata. Ndipo alipozipeleka kwenye matangi ya kambakoche.

"Unawalisha kama unavyonilisha mimi," mama mkwe wake alimtania kutoka mlangoni. Bibi huyo hakuwa na jino hata moja, na mkate wake ulilowekwa kwenye chai kila siku. "Kibogoyo wa nyumba hii ni mmoja tu, mkwe wangu. Hao wana mataya kama koleo."

"Kitu laini kinashuka vizuri, mama," alijibu Nadhifu.

Mumewe alitokea nyuma ya tangi la mwisho. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Wamepungua tena," alisema.

Utani uliishia hapo. Familia hii iliishi kwa matangi hayo tu. Bomba lilivuta maji ya bahari, na humo walifuga kambakoche, wale wenye miiba mgongoni na sharubu ndefu. Lakini tangu walipoanza kukua, walitoweka mmoja mmoja. Mfugaji, mume wa Nadhifu, alimshuku mdogo wake, aliyekuwa mlinzi wa banda. Watu walimwita Mluzi, maana alipolinda alipiga mluzi ili asisinzie. Asubuhi moja kaka yake alimsukuma hadi barabarani, akapaza sauti: "Mwizi!" Watu walikuja na fimbo. Mluzi aliponea chupuchupu, lakini mkono wake wa kushoto ulivunjika. Sasa aliishi kwa fundi baiskeli, na nyumbani hakukanyaga tena.

"Anarudi kwa siri," alisema mfugaji. "Ana ufunguo mwingine."

"Kufuli si ulibadilisha mwenyewe?" aliuliza mama yake. "Au anapita kwenye bomba la maji?"

"Mama, usimtetee mwizi."

"Simtetei mwizi. Namtetea mwanangu."

Nadhifu aliingia chumbani akapiga magoti. "Ee Mungu," aliomba, "kama kuna mwizi, mfichue. Na kama hakuna..." Kama hakukuwa na mwizi, mkono wa shemeji yake ulivunjwa kwa lipi?

Aliinuka, akajifunika khanga, akatoka kwenye manyunyu bila kumuaga mumewe. Alikwenda ofisi ya uvuvi kumtafuta mama mmoja aliyewafundisha wafugaji. Wote walimwita Bibi Samaki.

Bibi Samaki alifika jioni. Mfugaji alimpokea kwa shingo upande.

"Polisi wangetufaa zaidi," alisema.

"Polisi hawajui kambakoche anapenda kula nini," alijibu mgeni. Alichota punje kavu kutoka kwenye gunia, akazinusa. "Chakula hiki ni kizima. Kinanukia." Kisha akachota punje kutoka kwenye beseni. Alizinusa mara ya kwanza, akazinusa tena. "Na hizi mmezifanya nini? Hazinuki chochote."

"Nimeziosha," alisema Nadhifu. "Nimezilainisha ili wale vizuri."

"Pole, dada yangu. Njoo uone." Bibi Samaki aliwasha tochi. "Unaziona hizi sharubu fupi, katikati ya zile ndefu? Zinachezacheza. Hiyo ndiyo pua yake. Kambakoche hula zaidi gizani, na gizani chakula hakionekani. Hunusa tu. Akikifikia, hukigusa kwa miguu, na miguu yake inaonja kama ulimi wako. Asipopata ladha, anakiacha."

"Kwa hiyo yale maji ya kahawia..."

"Yale ndiyo yaliyomwita mezani. Ulimwaga utamu, ukampa makapi."

Aliponda nyama mbichi ya kome aliyokuja nayo, akapaka maji yake kwenye konzi ya punje kavu. Akaziweka upande mmoja wa tangi, na zile zilizooshwa upande wa pili. Wote walisubiri. Kambakoche mmoja alipita juu ya zile zilizooshwa, akazigusa kwa miguu, akaenda zake. Upande wa pili sharubu fupi zilianza kucheza kwa kasi. Wakaja wawili, wakaja watano. Walizikumbatia punje na kutafuna.

"Haya, nimekubali," alisema mfugaji. "Walikuwa hawali. Lakini njaa haimtoi kamba ndani ya tangi akatembea. Wamekwenda wapi?"

Bibi Samaki alimulika pembeni. Hapo palikuwa na kambakoche aliyetoka kujivua gamba. Mwili wake ulikuwa mpya na laini, hata kusimama hawezi. Wenzake wawili walikuwa wamemshika. Mmoja alivuta mguu, mwingine alikuwa ameshafika tumboni. Yule laini alirusha mkia mara moja, kisha hakurusha tena.

Mfugaji alifunika mdomo kwa kiganja.

"Kila anapokua lazima avue gamba," Bibi Samaki alisema polepole. "Siku hiyo hana silaha, na mwili wake unanukia. Humu ndani hakikuwamo chakula kingine kilichonukia."

"Na gamba lake?"

"Wanalila pia. Hubaki vipande tu. Hamkuwahi kuviona?"

Kila asubuhi Nadhifu alikuwa akichota vipande hivyo kwa kichujio na kuvitupa, kabla mumewe hajaamka. "Nilidhani ni takataka," alisema.

Mama mkwe alimgeukia mfugaji. "Basi mlimvunja mwanangu mkono kwa ajili ya hili."

Kabla ya kuondoka, Bibi Samaki aliwaelekeza. Punje zisioshwe wala zisilowekwe. Kambakoche wapewe jioni, zikiwa kavu, kidogo kidogo, kwa sababu ndani ya maji harufu huisha upesi. Wakipata kome au ngisi mbichi, wachanganye. Lakini nyama hiyo isiwe iliyooza, maana uvundo huwafukuza. Asubuhi mabaki yaondolewe. Na ndani ya tangi waweke vipande vya bomba pana, ili anayejivua gamba apate pa kujificha.

Kesho yake Nadhifu alikwenda kwa fundi baiskeli. Mluzi alikuwa akiziba pancha. Mpira aliubana kwa goti, kwani mkono wa kushoto haukushika. Nadhifu alimweleza yote, hakuficha neno. Machozi yalimtoka.

"Nimekusikia, shemeji," alisema Mluzi. "Wewe uliosha punje. Hukuniita mwizi."

"Rudi nyumbani. Kaka yako atakuomba msamaha."

"Wapi? Chumbani? Juzi mama mmoja aliniletea baiskeli nimtilie upepo. Muda wote alikumbatia mkoba wake. Kaka akininong'oneza samahani, yule mama ataisikia?"

Nadhifu alirudi na ujumbe huo. Mumewe aliinamisha kichwa. "Nitakwenda," alisema. Siku ile hakwenda. Hata wiki ile hakwenda. Kila jioni aliponda kome, akamwaga punje kavu, akaangalia sharubu zikicheza. Kambakoche walishiba. Walijivua magamba ndani ya mabomba, na siku chache baadaye wakatoka wakiwa wagumu na wakubwa zaidi. Kila walipohesabiwa, idadi ilikuwa ile ile.

"Kamba wamepona," Nadhifu alimwambia mumewe jioni moja. "Ndugu yako bado. Mimi naomba kila siku, lakini sala yangu haiwezi kutembea mpaka kwa fundi baiskeli badala yako."

Mfugaji alinawa mikono, akavaa shati. Mama yake na mkewe walimfuata. Mbele ya kibanda cha fundi watu walikuwa wengi. Kinyozi alikuwepo, na muuza mkaa pia. Wote wawili walishika fimbo siku Mluzi alipopigwa.

"Mdogo wangu," mfugaji alisema chini chini, "nisamehe. Hukuiba."

Mluzi hakuinua macho kutoka kwenye gurudumu. "Sijasikia, kaka. Siku ile sauti yako ilifika mpaka ng'ambo ya barabara."

Muuza mkaa alikohoa, akatazama pembeni. Mfugaji alivuta pumzi. Alipozungumza tena, watu walisimama barabarani.

"Huyu hakuiba hata kamba mmoja! Walikuwa wanalana kwa njaa ndani ya tangi langu, nami sikuangalia. Nilimsingizia. Mkono wake hautanyooka tena, na sina dawa. Lakini naahidi mbele yenu, na mbele za Mungu: kuanzia jioni hii nitapita mtaa huu nyumba kwa nyumba, nikibisha hodi na kuyarudia maneno haya, mpaka kila aliyenisikia nikimwita mwizi awe amenisikia nikisema nilidanganya. Na nitaanza na mlango wako, kinyozi."