Maoni Nyuma ya Kitabu

Haya yalimkuta shoga yangu mshonaji, wala simzulii. Mwezi mmoja baada ya kumzika mwanawe, alikwenda maktaba kurudisha riwaya aliyoiazima marehemu, ile iliyotokana na tamthilia ya runinga kuhusu chombo kilichopotelea angani. Nyuma yake imebandikwa karatasi ya maoni ya wasomaji.

"Nisomee, mwanangu," akamwambia mkutubi, maana yeye kusoma hajui. "Labda naye aliandika neno."

Mkutubi akasoma: "'Tamthilia tamu zaidi.' 'Nahodha kapwaya!' Basi, mama. Jina la wako halimo."

Umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha, giza totoro, na kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi, kwaru, kwaru.

"Unaandika nini?"

"Mie? Kalamu sina, mama."

Taa ziliporudi, chini kabisa ya karatasi palikuwa na mwandiko wa mwanawe, uleule uliozoea kumwandikia vipimo vya wateja, wino mbichi. Mkutubi akasoma: "Runinga ilidanganya. Huku hakuna hata nyota."