Diski ya Marehemu Opicho

Diski ilikuwa na joto kabla haijachomekwa popote.

Khavere alilihisi joto hilo kupitia leso ambayo Triza alikuwa ameifungia, akadhani ni jua la nje tu. Akaifungua juu ya meza. Ilikuwa kisanduku cha kijivu, kikubwa kama Biblia ya kanisani, chenye waya mnene wa kuchomeka nyuma ya kompyuta, pale pa printa.

"Imekaa chini ya kitanda tangu tumzike Opicho," Triza alisema kwa sauti ya chini. "Miezi mitatu. Haijachomekwa kwa stima hata mara moja. Lakini mchana nikiwa peke yangu naisikia ikizunguka, dadangu."

"Ni panya."

"Sio panya."

Opicho, mumewe Triza, alikuwa katibu wa wafanyakazi waliougua katika kiwanda kimoja cha betri huko Baba Dogo. Mwaka mzima alizunguka nyumba kwa nyumba akiandika maneno ya watu sitini na mmoja: aliyeanza kutetemeka mikono, aliyeharibikiwa na mimba, aliyefukuzwa siku ile ile aliyouliza madini ya risasi yanafanya nini mwilini. Kila jioni aliyapiga chapa na kuyahifadhi kwenye diski hiyo. Mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tisa, alikutwa ameinama mezani, amekufa, na taya zimekazana hivi kwamba hata mochari walishindwa kumfungua mdomo. Daftari lake halikuonekana tena. Sasa wakili wa kesi yao dhidi ya kiwanda alitaka ushahidi mezani Ijumaa, na leo ilikuwa Jumanne.

Khavere hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alipakia betri kwenye kiwanda hicho miaka tisa kabla ya kufungua kibanda chake cha kupiga chapa pale Huruma. Kwenye orodha ya Opicho alikuwa namba kumi na saba.

Akamwita Griffins, fundi wa kompyuta aliyeishi kwenye ghorofa ya jirani. Ni yeye aliyeiwekea kompyuta yake mfumo wa Linux baada ya virusi kumlia faili zote za wateja.

"Sasa, Anti," Griffins alisema akivuta kiti. "Hii ni kazi kidogo. Linux haifungui diski yenyewe, lazima uipandishe. Unatengeneza folda tupu, unaiambia diski ikae hapo. Ikishakaa, unasoma kila kitu."

Akachomeka waya, akaandika amri, akabonyeza. Diski ikanguruma. Mashine ikakataa.

"Inasemaje?" Triza akauliza.

"Inasema diski iko bize. Ati kuna mtu anaitumia."

"Nani?"

Griffins alipekua programu moja baada ya nyingine, akifunga zote zilizokuwa wazi, mpaka ikabaki skrini nyeusi na herufi nyeupe. Akajaribu tena. Jibu lilikuwa lile lile.

"Hakuna mtu," akasema polepole.

Ndipo harufu ikaingia. Khavere aliitambua hata kabla hajageuza kichwa: risasi iliyoyeyuka, tamu na chungu kwa pamoja, harufu aliyokuwa akirudi nayo nyumbani kwenye nywele. Kiwanda kilikuwa mbali na pale, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea huko.

Griffins akabonyeza mara ya tatu. Kisanduku kikatulia kabisa, na katika utulivu huo wakasikia mtu akivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyelala chumba cha pili, ila hapakuwa na chumba cha pili, palikuwa na ukuta wa mawe na nyuma yake barabara yenye jua la saa tano na wanawake wakiuza sukuma wiki, na pumzi ile ikasogea, ikapita katikati yao, ikarudi kwenye kisanduku ambacho hakikuwa na spika wala kitu chochote cha kutoa sauti, kikasema kwa sauti ya Opicho:

"Ifute."

Triza akashika meza. "Ni yeye! Khavere, ni mume wangu!"

"Si yeye," Khavere alisema. Alikikazia macho kisanduku. "Opicho alitembea Baba Dogo yote kutafuta maneno haya. Hawezi kusema yafutwe."

Griffins akafungua mdomo kujibu. Haikutoka hata hewa. Wakamwona akijishika koo, kisha taya zake zikajifunga zenyewe kwa kishindo kama mlango wa friji.

Hakuongea tena siku hiyo. Maji alikunywa kwa mrija kupitia pengo la meno.

Jumatano asubuhi, Triza akamleta Mama Fadumo kutoka Majengo, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyejulikana kwa kuwasemesha majini kama anayewasemesha wakwe. Hakuuliza mengi. Aliweka chetezo sakafuni, akatia ubani, akasoma. Moshi haukupanda juu. Ulitambaa mezani, ukaizunguka diski, kisha ukamwendea Triza.

Triza akaanguka chini. Aliyeketi baadaye, mgongo ukiwa wima, hakuwa yeye.

"Karibu," Mama Fadumo alisema. "Umetumwa?"

"Nimetumwa." Sauti ilitoka bila midomo kusogea. "Kufunga vinywa. Cha kwanza, cha mwenye diski, nimekifunga. Na hivi vyote nitavifunga."

"Nani kakutuma?"

Kitu kile kikacheka.

"Unataka nini ndio uondoke?"

"Waifute. Kijana atapata sauti yake. Nami nitakwenda."

Triza akalegea, akarudi kuwa Triza, akilia na kuuliza nani amempiga. Mama Fadumo alimfunika na leso, kisha akamvuta Khavere kando.

"Mwanangu, itupeni mtoni. Maneno ni maneno tu. Huyu kijana ana maisha mbele yake."

Khavere alimtazama Griffins aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso umevimba. Alijua hana haki ya kumwamulia.

"Griffins, umesikia. Sema wewe. Ukitaka tuifute, naifuta sasa hivi, na sitakulaumu hata siku moja."

Griffins akachukua kalamu. Akaandika kwenye karatasi ya printa, kwa herufi kubwa: USIFUTE. Akafikiri kidogo, akamwongezea jini tusi, ambalo Mama Fadumo alijifanya hakulisoma.

"Basi sina dawa," mganga akasema. "Huyu kazi yake ni kunyamazisha. Mtu akinena mbele yake, maneno yale humuunguza jini. Lakini nani atathubutu kunena?"

Khavere alifunga kibanda saa ile ile, akashika njia ya kwenda Baba Dogo.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi ishirini na watatu waliingia kwenye kile kibanda, wengine na ovaroli, wengine wamebebwa. Walijazana mpaka mlangoni. Harufu ya risasi ikaja, nzito kuliko Jumanne, na bati la paa likaanza kugonga ingawa hapakuwa na upepo.

"Naitwa Irungu," mzee mmoja alianza, mikono ikimcheza. "Nilikuwa kwenye tanuri miaka kumi na minne. Siwezi tena kufunga kifungo cha shati langu."

Diski ikalia kama chuma kinachokwaruzwa. Mwanamke wa pili akasema lake, na wa tatu, na taa ikazimika na kuwaka, na kila aliyenena alilazimika kuinua sauti kuliko aliyemtangulia kwa sababu ile pumzi ilikuwa sasa kama mvumo wa kiwanda kizima, ikiwapita shingoni, ikiwagusa midomo mmoja mmoja, na mtoto wa mtu akalia nje, na aliyekuwa karibu na mlango akataka kukimbia lakini jirani yake akamshika mkono, akanena naye pia, mpaka zamu ikafika kwa Khavere, na alipofungua kinywa akahisi vidole, vidole vya kweli, vikimbana taya kutoka ndani.

Akasema kupitia meno.

"Naitwa Khavere. Nilipakia betri miaka tisa. Nilipoteza mimba mbili. Nilipouliza kwa nini, nilipewa pakiti ya maziwa, ati yaoshe risasi mwilini." Damu ilimtoka kwenye fizi. "Na wewe, mtumwa wa watu, sikia vizuri. Hapa ni kwangu. Nasema tena. Naitwa Khavere!"

Griffins alikuwa ameshainama kwenye kibodi. Aliandika amri ile ile, akaongeza neno la kuiruhusu diski isomwe tu, mashine isiweze kuandika wala kufuta chochote ndani yake. Akabonyeza.

Mashine haikujibu chochote. Mstari mpya tu, na alama ikimetameta ikingoja. Bati likatulia.

"Imekataa tena?" Triza alinong'ona.

Linux ikikubali haisemi neno. Griffins alijua hilo. Alitazama skrini, akashika koo lake, na sauti ikatoka, imekwaruza kama ya jogoo mchanga:

"Imepanda!"

Mama Fadumo, aliyekuwa amerudi na ubani wake, akaruka nyuma na chetezo. "Imepanda kwa nani?"

"Diski, mathee! Diski imepanda!"

Walicheka wote, hata waliobebwa, kicheko cha watu waliotoka kwenye moto. Kwenye skrini kulikuwa na faili sitini na mbili. Triza aliisoma ile ya mwisho kwa kidole: ilikuwa na jina la mumewe. Baada ya kuwaandika wote, Opicho alikuwa amejiandika na yeye. Printa ilifanya kazi mpaka jioni.

Ijumaa, kwenye chumba cha kusikilizia kesi, wakili alimwomba Triza asome karatasi ya marehemu. Hakuwahi kusimama mbele ya watu maishani, hata kanisani alikaa nyuma. Alisoma mistari minne vizuri. Kwenye wa tano akanyamaza.

Khavere, aliyeketi benchi la mbele, aliona taya za rafiki yake zikikazana. Harufu ikapita chumbani, nyepesi, na mawakili wawili wa kiwanda wakainua pua.

"Mama, unaweza kuketi," hakimu alisema kwa upole. "Mwingine atakusomea."

Triza akatikisa kichwa. Aliweka karatasi mezani, akaingiza vidole viwili mdomoni, akaachanisha meno kwa nguvu kama anayefungua mlango uliokwama.

"Nitasoma mwenyewe," akasema. "Na nitaanza upya."

Akaanza upya, kutoka jina.