Kopo Lisilo na Kolesteroli

Kila Jumamosi asubuhi, jiko la akina Audrey katika mtaa wa Ladywood, ughaibuni, hunukia chapati. Audrey, msichana wa miaka kumi na miwili, huzipika mwenyewe. Wakati kisa hiki kilipoanza, alikuwa akizipaka mafuta meupe ya kopo, yale yanayoganda, akazikunja na kuzisukuma upya mpaka zikatoka laini, tabaka juu ya tabaka. Kanisani walimwita Mama Chapati, naye akajifanya hajali.

Baba yake, Bethuel, dereva wa basi, alikuwa na msiba. Hakuna aliyekufa; ila alikuwa ameacha mayai. Kipimo kilionyesha kolesteroli nyingi, aina ya mafuta yaliyomo pia kwenye kiini cha yai, katika damu yake, na ikizidi huziba mishipa. Kaka yake Bethuel alikuwa amefariki miaka ya nyuma kwa ugonjwa wa moyo, kwa hiyo baba aliyaaga mayai kama anayesindikiza ndugu uwanja wa ndege. Ili kujiliwaza, akaongeza chapati. Audrey hakuona ubaya, maana kopo liliandikwa waziwazi kwamba halina kolesteroli.

Shule zilipofungwa kwa likizo fupi, walikwenda kliniki pamoja kuchukua majibu mapya. Kolesteroli ilikuwa imepanda. Muuguzi Davinder, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, alimwuliza baba anakula nini. Baba akaapa kwamba yai hajaligusa hata ndotoni. Kisha akavitazama viganja vyake. Audrey hakuwahi kumwona akiogopa namna ile.

Akalikumbuka kopo. Akilitaja, kwaheri sifa za kanisani. Hata hivyo akasema:

"Anti, chapati zangu nazipaka mafuta yanayoganda. Lakini kopo linasema hayana kolesteroli."

"Halijadanganya," Davinder akasema. "Ila halijasema yote."

Akawaeleza kwamba kolesteroli haiwezi kupenya ukuta wa utumbo peke yake. Mtu akila mafuta, nyongo humwagika, ikachanganyika nayo na kufanya vitone vidogo mno, navyo huibeba kolesteroli, hata ile inayotoka kwenye ini lenyewe, mpaka ukutani. Zaidi ya hayo, mafuta yanayoganda hulizuia ini lisiiondoe vizuri kolesteroli iliyo kwenye damu.

"Kumbe tumboni nina mabasi," baba akasema, "na yanabeba abiria nisiowataka."

"Na kituoni unayaita wewe, Bethuel," Davinder akamjibu.

Akawapa miezi mitatu ya kubadilisha mafuta ya jikoni kabla ya kufikiria vidonge vya kuishusha. Chapati za kwanza za mafuta ya maji, yasiyoganda, zilitoka ngumu, na baba akauliza kama ni za kula au za kushonea viatu. Audrey hakukata tamaa. Alikanda kwa maji ya uvuguvugu, akaacha unga upumzike, akapaka mafuta kidogo tu. Maharagwe nayo yakapata nafasi kwenye sahani. Taratibu, chapati zikalainika.

Walipopima tena, kolesteroli ilikuwa imeshuka. Davinder akamgeukia Audrey.

"Ungenyamaza kulinda sifa zako, ningempa baba yako vidonge na kosa lingebaki jikoni. Kusema kweli kumemsaidia. Na tangu leo, usiamini chakula kwa neno moja la kwenye kopo. Uliza kikifika tumboni kinafanya nini."

Baba akakohoa kidogo, akauliza kuhusu mayai.

"Mara mojamoja," Davinder akasema. "La kuchemsha."

Jumamosi iliyofuata, baba alilimenya yai lake polepole, na kabla ya kuling'ata, akaliuliza habari za siku nyingi.