Sura ya Mama Karibu

Kisomatabaka, mashine ya kusoma matabaka ya saruji, kilitoa ulimi wake wa mwanga, kikaanza kulamba shavu la sanamu. Saruji ilimomonyoka ikawa vumbi laini kama unga wa muhogo, na kila chembe ilipimwa kabla haijagusa chini: ilikaukia kwenye jua au kwenye unyevu, ilisukumwa na kidole cha nani, kwa nguvu gani. Kisha hewani, kando ya sanamu, ikachomoza sura ya mwanga, vilevile ilivyokuwa siku tabaka hilo lilipopakwa likiwa bichi. Mashine ilikuwa na kasoro moja tu. Ilisoma kwa kula. Tabaka likishasomwa, limekwisha.

Mhandisi Sikudhani Semboja, aliyeiunda, alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado hakusita. Alikuwa amekuja kushinda.

Walikuwa kwenye mabaki ya Bustani ya Wanyama wa Saruji, kando ya barabara ya zamani ya Segera. Enzi zake mabasi yote yalisimama hapa. Abiria walishuka kuchimba dawa vichakani, wakanunua machungwa, wakapanda mgongoni mwa tembo kupiga picha. Halafu ikaja treni ya sumaku, inayopita juu ya nguzo na kufika Arusha chai haijapoa, na hakuna tena aliyekuwa na sababu ya kushuka. Sasa tembo hakuwa na mkonga. Twiga alibaki miguu minne na nondo zilizopinda. Aliyesalia mzima ni yule mwanamke wa langoni mwenye mtungi kichwani, ambaye abiria walimwita Mama Karibu.

Nyumba ya Kumbukumbu ya jiji ilitaka kumhamishia stesheni kuu, na chini ya miguu yake liandikwe jina la mwanamke mwenye sura ile. Hapo ndipo penye ugomvi. Jua na mvua vilikuwa vimeifuta sura hata haitambuliki, na marehemu Fundi Semboja, aliyejenga bustani nzima kwa mikono yake, alikuwa na wake wawili.

Mke mkubwa, Bi Tatu, alikuwa hai. Alikalia kigoda kwenye kivuli cha tumbo la tembo, khanga imekazwa kifuani.

"Unapoteza umeme wa watu, Siku," alisema. "Sanamu ni mimi. Baba yako alinisimamisha hapo na mtungi kichwani mpaka shingo ikakakamaa."

"Mama yangu naye alisema hivyohivyo, Mama Mkubwa."

"Mama yako alisema mengi."

Sikudhani alifiwa na mama yake, Mwanjaa, akiwa mdogo mno, na sura yake ilikuwa imeshamtoka kichwani. Picha moja iliyokuwapo ilipotea, na Sikudhani alikuwa na mawazo yake kuhusu jinsi ilivyopotea. Bi Tatu ndiye aliyemlea. Hakumnyima chakula wala shule, lakini jina la Mwanjaa halikupita nyumbani mule bila mdomo kubetuliwa. Sikudhani alimwonea wivu mwanamke huyu: alipewa uzee, alipewa mume wa kumzika, na sasa alitaka na sanamu.

Bwana Mchome wa Nyumba ya Kumbukumbu alisimama katikati yao kama refa. "Utaratibu ni kwamba mkiridhika nyote wawili, tunasimama hapohapo," alisema.

Sura ya kwanza ilikuwa ya Bi Tatu, kijana, macho makubwa, shingo ya pingili. Bi Tatu akapiga kigelegele. Lakini mashine, iliyopewa alama za vidole za fundi na za wake zake wawili, za Mwanjaa zikiwa zimechukuliwa kwenye chungu alichofinyanga, ikasema kwa sauti yake tulivu, "Mikono ya Tatu. Si ya fundi."

"Ulijipaka mwenyewe!" Sikudhani alisema.

"Lipu ilikuwa imepasuka. Nilirekebisha."

"Endelea," Sikudhani akaiamuru mashine, na uso wa Bi Tatu ukamwagika miguuni pa sanamu.

Tabaka la pili lilikuwa la Mwanjaa. "Mikono ya Mwanjaa," mashine ikasema. Moyo wa Sikudhani uliruka, kisha ukasita. Uso ule ulikuwa mzuri wa kupita kiasi, pua nyembamba, midomo kama ya tangazo la sabuni. Alitafuta ndani yake kitu chochote cha kwake, hakukiona.

"Mimi nimeridhika," alisema hata hivyo.

"Mimi sijaridhika. Hiyo pua aliikopa wapi?" Bi Tatu alicheka kwa uchungu. "Endelea!"

Basi wakaendelea. Tatu, kisha Mwanjaa, kisha Tatu tena. Kila Fundi Semboja alipokwenda Korogwe kufuata saruji, mke mmoja alichukua ndoo na kujipaka juu ya mwenziwe, na safari iliyofuata mwingine akalipiza. Hawakuwahi kuambiana neno. Na kila mashine ilipoonyesha sura, aliyeonekana aliridhika na aliyefunikwa alikataa, hata Bwana Mchome akachoka kuuliza. Kichwa cha sanamu kikazidi kupungua chini ya mtungi.

"Mikono ya Semboja," mashine ikasema mwishowe. "Tabaka la chini kabisa."

Wote watatu wakasogea. Hapakuwa na macho wala mdomo. Fundi Semboja, aliyemchonga simba mpaka sharubu, alikuwa ameuacha uso huu laini kama yai.

"Aliogopa," Bi Tatu alisema polepole. "Mwanamume yule alituogopa."

Sikudhani alitazama chini. Vumbi lilikuwa limeanza kupeperuka kuelekea barabarani. Alama zote za vidole vya mama yake zilizokuwa kwenye saruji ile, yeye mwenyewe alikuwa amezilisha mashine kwa sababu ya kijicho. Akaketi chini ya mguu wa twiga akalia bila kujificha.

"Si neno," Bwana Mchome alisema kwa haraka. "Kumbukumbu za matabaka zipo. Mashine inaweza kuchapa upya lolote mtakalo."

"Zile ni uongo, baba," Bi Tatu alisema. "Kila mmoja alijipaka alivyotamani kuwa. Kwenye gari lako mna saruji?"

Akaletewa ndoo na maji. Akakoroga kwa mkono, akapanda juu ya kigoda huku Bwana Mchome akimshikilia kiuno, akaanza kubandika.

"Unajipaka tena?" Sikudhani aliuliza.

"Mimi kioo ninacho nyumbani." Bi Tatu hakugeuka. "Mwenzangu alikuwa na kovu hapa, juu ya nyusi. Mbuzi ya nazi ilimkata. Jicho la kushoto lilikuwa linafumba kidogo akicheka. Kidevu kifupi. Nilimtazama kila siku ya Mungu, mwanangu, jikoni, kisimani, kwenye harusi za watu. Nilikuwa natafuta alichokipenda mume wangu. Baba yako hakuwahi kumtazama hivyo. Na ile picha ninayo mimi, ukitaka kujua. Nilikuwa nikiitoa kumkagua."

Sikudhani alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alisimama akiangalia vidole vya mzee vikipita kwenye uso ule bila kubahatisha, kama mtu anayesuka mkeka aliousuka maisha yake yote. Kovu likatokea. Jicho likafumba. Juu yao treni ikapita, imejaa watu wasiotazama chini.

Bi Tatu akashuka, akajifuta mikono kwenye khanga na kubetua mdomo.

"Pua nimeiongeza kidogo," alisema. "Asije akaringa huko mjini."

Sikudhani akaipapasa pua yake mwenyewe, toka juu hadi chini. Kisha akaipapasa ile ya saruji mbichi. Haikuwa imeongezwa hata kidogo.