Zimwi Lililosema Maneno Yangu

Kila adhuhuri fundi cherehani hufunga kibanda chake, hubeba hotipoti ya chakula cha mpenzi wake, hupanda ngazi hadi studio na kukaa kwenye benchi. Taa nyekundu iliyo juu ya mlango ikizimika, ndipo huingia. Siku hiyo taa ilikuwa inawaka. Hajakaa sawasawa, akasikia sauti ya mwanamke ndani.

"Shingo yako inanukia mtu. Ni nani huyo?"

Akafuata mwanamume, taratibu, kwa sauti ya kubembeleza. Ni yeye, mpenzi wake, Sauti Saba.

"Njoo hapa. Kama ni damu, ichukue yote. Usipokuwepo wewe, inanizunguka mwilini ya nini?"

Damu ya fundi nayo ikachemka. Miaka mitatu ya mapenzi, na neno tamu kuliko yote aliloambiwa na mwanamume huyu lilikuwa "chakula kimeiva vizuri." Hakungoja taa. Alisukuma mlango.

Walikuwa wawili mbele ya kipaza sauti, Sauti Saba na mtangazaji mmoja wa redio, mwanamke wa kucheka haraka. Kwenye kioo cha televisheni, mama mwenye meno marefu alikuwa analia.

"Nani tena kaharibu kipande?" Sauti Saba akageuka. "Ah. Ni wewe."

"Ni mimi. Au nirudi mkishamaliza kunusana?"

Mtangazaji akacheka. "Wifi, karibu. Tunatafsiri filamu tu."

"Wifi wa nani? Mimi sijaolewa na mtu."

Kicheko kikakatika. Sauti Saba akakuna kichwa.

"Sikiliza. Siku zote naigiza sauti zote mwenyewe, wanawake nawabania pua, watu wanacheka. Lakini hii ya wageni si ya kucheka. Watu wamechoka na wanyonya damu wa majeneza, popo na makoti meusi. Mnyonya damu huyu ni muuguzi, kaacha kung'ata watu zamani. Anampenda fundi saa. Balaa lake ni pua. Akimkaribia, ananusa kila mtu aliyemkumbatia mchana kutwa."

"Kwa hiyo zimwi lina wivu."

"Ndiyo. Unamwogopa na kumhurumia kwa wakati mmoja. Mimi sijaona kitu kama hicho."

"Ngoja umsikie kwenye kipande cha shati," mtangazaji alisema, akabonyeza kitufe.

Sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa ikajaa chumbani: "Shati nimelifua kwa mikono yangu, limerudi na harufu nisiyoijua. Usinijibu. Ukinijibu nitaamini, na nikiamini nitakuwa mjinga mara mbili."

Maneno hayo aliyasema fundi cherehani mwenyewe, mwezi uliopita, uso ameuelekeza ukutani. Na Sauti Saba hakujibu. Alichukua kofia yake akaondoka.

"Kwenye filamu anasema hivyo?" akauliza polepole.

"Wapi. Kwa lugha yao anasema 'umechelewa,' basi. Mengine yote kayatia huyu bwana," mtangazaji akajibu, kisha akaona nyuso zao, akajishughulisha na maji yake.

"Mimi niliona haya hata kuyasema," fundi akamwambia Sauti Saba. "Wewe umempa mwingine ayasome."

Alibeba hotipoti yake, akashuka nayo.

Simu ikalia hajafika kibandani.

"Umekasirika?"

"Hapana."

"Njaa inaniuma."

"Mng'ate mtangazaji."

Jioni haijaingia, Sauti Saba akasimama mlangoni pa kibanda.

"Mnyonya damu haingii asipokaribishwa," alisema huku amebana pua.

"Usinichekeshe. Sema kwa sauti yako."

Akaachia pua. Sauti saba zote zikamkimbia.

"Harufu ile ilikuwa ya dawa ya kuchua ya mama," alisema hatimaye. "Nilimtoa hospitali, akaniegemea njia nzima."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia nisijibu. Nikatii."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. "Ukaona umjibu yule mnyonya damu."

"Nilikujibu wewe. Fundi saa, kwa lugha yao, anasema 'pole' tu. Yale ya damu ni yangu. Mtu akinipa mdomo wa mwingine naongea hadi jua lizame. Wangu haufunguki."

"Zimwi linaambiwa hivyo, mimi naambiwa chakula kimeiva. Nimelionea wivu zimwi, unajua? Mtu mzima mimi."

"Basi niambie. Siku ile ulitaka nikujibu nini?"

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza. Aliliambia pindo la gauni kwanza.

"Sikuwa nauliza habari za shati. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana mwanamke halisemi hili." Kisha akainua uso, akamtazama. "Nataka unioe. Nimechoka kungoja useme wewe. Nioe."